Sauti ya Baba Saumu

Sheria ilikuwa moja kwa wote: siku ya arobaini baada ya mazishi, sauti ya marehemu hufutwa kwenye kila mashine. Picha hubaki. Bi Maimuna aliijua sheria hiyo, lakini mashangazi walimkazania kwamba mjane aliye edani hasikilizi sauti ya mumewe, naye akaifungia simu kabatini miezi minne na siku kumi.

Sasa alikuwa kibandani kwa fundi Mbaruku, akimtazama mumewe, Baba Saumu, kwenye video. Humo, mumewe alikuwa akimenya chungwa barazani huku midomo ikimcheza bila sauti.

"Nimebadilisha faili kwa kila namna, mama," alisema Mbaruku. "Kodeki, yaani ufunguo wa kusomea sauti yake, haipo tena. Hakuna mashine itakayoisoma."

"Hata neno moja, mwanangu?"

"Kilichotoka ni vishindo vya nyumba, na sauti ya aliye hai."

Akabonyeza. Jogoo akawika. Kisu kikagonga sahani. Kisha Bi Maimuna akajisikia mwenyewe akiita kutoka jikoni, kicheko kimemjaa: "Unasemaje, Baba Saumu? Hebu rudia, sijakusikia!"

Kwenye kioo, Baba Saumu aliinua uso, akatabasamu, akarudia.