Mstari wa Kuandika

Marehemu wote wa mtaa walihifadhiwa kwenye diski, na diski isiyosomwa ilifutwa. Ndiyo maana kila Ijumaa Bi Mwanahawa alipika pilau, nyumba ikafurika, wageni wakadai visa vya marehemu mumewe kutoka diski yake, mpaka mstari wa kusoma, ulioonyesha diski inavyosomwa, ukapanda hadi juu kabisa ya skrini.

"Mashallah! Mzee Makame anasomwa kuliko diwani!" alisema jirani yake, Somoe.

"Hata alipokuwa hai hakukosa wasikilizaji," Mwanahawa akajibu kwa fahari.

Mara mstari wa pili, wa kuandika, ulioonyesha mambo mapya yanayoingia kwenye diski na uliolala chini tangu mazishi, ukaanza kupanda.

"Khaa! Nani anaandika humo?"

"Mwenyewe," Mwanahawa alinong'ona, akitabasamu. "Punguza umbeya, shoga. Anatusikia."