Gari la Bibi Harusi

Kabla ya kufika relini, Mzee Kheri alisimamisha gari la bibi harusi, akazima redio na injini, akashusha vioo vyote.

Kule nyuma, somo wa bibi harusi, kungwi aliyemfunda, alishtuka. "Mzee, umerukwa na akili? Gari la bibi harusi halisimami njiani! Ni nuksi!"

"Hapa husimama hata gari la maiti, bibie."

"Usimtajie maiti mwanangu leo! Kwani unaona treni?"

"Ghala lile limeziba, haionekani. Reli husikilizwa."

Matarumbeta kwenye pikapu iliyowafuata yakanyamaza. Tangu alfajiri Mwanakombo, bibi harusi mwenyewe, alikuwa akiambiwa aketi vipi, atazame wapi. Sasa alisikia vikuku vyake mwenyewe. Kisha reli zikaanza kuvuma.

Treni ikachomoka nyuma ya ghala kwa kishindo. Abiria wakamwona bibi harusi, wakapiga vigelegele behewa kwa behewa. Somo akaisahau nuksi, akavijibu mpaka sauti ikamkauka.

Behewa la mwisho lilipopita, Mzee Kheri akashika ufunguo.

"Bado," alisema Mwanakombo, mkono wake wenye hina ukiwa nje ya dirisha. "Tusikilize kwanza."