Tambara la Fundi Mkuu

Injini ikinguruma, fundi mkuu alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi. Yalikuwa yamepungua, na gari kuukuu namna ile halisamehe uchafu, hata punje moja.

Tangu giaboksi ya wiki iliyopita isagike kwa mchanga, kazi hii hakumwachia mtu. Siku ile alimpa shemeji yake, aliyeyamimina mafuta, kipigo cha mbwa mwizi, kwa spana, mpaka meno mawili yakabaki sakafuni.

"Faneli ya kumiminia niliifunika, shemeji," yule alisema kwa mdomo uliojaa damu. Nani angemsikiliza?

Sasa fundi mkuu akaitoa faneli kwenye mfuko wake wa nailoni, safi kama bakuli la mtoto. Kwa mazoea, kabla ya kumimina, akaipangusa ndani kwa tambara lililokuwa likining'inia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Akaiinua kwenye mwanga.

Mchanga ulikuwa umenata ndani.

Akalikunjua tambara. Ndilo alilokuwa akifutia breki za magari tangu mwezi jana, na ndilo alilopangusia faneli wiki iliyopita kabla ya kumpa shemeji. Akalikunja upesi alirudishe mfukoni.

"Usilifiche."

Shemeji yake alikuwa amesimama nyuma, shavu bado limevimba, spana ile ile mkononi.

"Ngoja nizime injini tuongee," fundi mkuu alisema.

"Iache," shemeji akajibu, akauvuta mlango wa gereji mpaka ukafungika. "Iache ingurume."