Wimbo Wenye Kithembe

Siku hizi kompyuta zote hunyoosha sauti ya mtu. Simu nazo vilevile. Kikohozi huondolewa, kithembe huondolewa, hata uzee huondolewa. Nimezoea, sina muda wa kulalamika.

Lakini kesho mama anapasuliwa koo na hataongea tena, na mimi ni mjamzito. Nilitaka mtoto aje kumsikia bibi yake alivyo. Kwa hiyo niliazima rekoda ya kizamani yenye njia nne za sauti, isiyohitaji kompyuta, nikaiweka mezani jikoni. Nje mvua ilinyesha taratibu, na nyumba ikawa kama imezama ndani ya maji ya uvuguvugu.

Mama aliimba kwenye njia ya kwanza: "Thimba amelala, nawe thinzia." Nikaitikia kwenye njia ya pili, kisha nikaurudisha wimbo mwanzo asikilize.

"Huyo mwenye kithembe nani?"

"Ni wewe, Mama."

"We Mwanakombo, uthinizulie! Thauti yangu naithikia kila thiku kwenye thimu."

Alicheka, akanitazama, akaacha kucheka.

"Washa tena," akasema.

Nikawasha njia ya tatu. Alifumba macho, akaukaza ulimi nyuma ya meno, akaimba polepole kama anayevuka utelezi: "Simba amelala, nawe sinzia."

Herufi zote zilinyooka.

"Haya, thatha futa ile ya kwanza."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nilikuwa bado namsubiri mama mwenyewe, na kithembe chake, aanze kuimba.