Timazi ya Fundi Kibwana

Picha mia sita alizopiga Mwanahija, mpima majengo, zilikuwa zimeshaunganishwa na kompyuta, zikawa ghorofa zima unaloligeuza kwa kidole kwenye skrini. Nguzo ya tatu ilikuwa imeinama nje kwa vidole vinne.

Mkandarasi Lugendo alijichekesha. "Binti, wakaguzi wako getini. Hiyo picha ya nguzo ifute tu, nitakukumbuka."

"Nguzo hiyo imo kwenye picha tisini, bwana. Nifute ipi?"

Jasho likamtoka. "Kwani wewe binti wa nani?"

Mwanahija alikuwa amelingoja swali hilo miaka kumi na mmoja. Ghorofa la kwanza la Lugendo lilipoporomoka, fundi Kibwana ndiye aliyefungwa, akafia humo humo gerezani, kwa sababu mkandarasi huyo aliapa mbele ya hakimu kwamba fundi alijenga bila timazi, ule uzito wa uzini unaoonyesha kama nguzo imesimama wima.

Mwanahija alitoa mkobani timazi ya shaba iliyochakaa, jina KIBWANA limechongwa ubavuni.

"Uzi huu ushike juu ya nguzo, bwana. Ushike mwenyewe."

Wakaguzi walipoingia walimkuta Lugendo mkono juu, ameubana uzi kileleni mwa nguzo, na timazi ya marehemu ikiyumba, ikipunguza mwendo, ikitafuta pa kutulia.