Jina la Mwisho kwenye Orodha

"Futa jina la mwisho," Kamala alisema. "Orodha ni ndefu, na Python yenyewe, lugha ya programu hii, ni ya polepole. Limbu hasomi ujumbe tena, waitu, ndugu yangu."

Joyness alimtazama kwa hasira ya miaka miwili. Kamala ndiye aliyeandika programu ya kuwaonya wavuvi wa kisiwa cha Bumbire kuhusu dhoruba. Ndiye pia aliyemsimamia Limbu kanisani siku ya harusi yake na Joyness, akaapa kwamba onyo litawafikia wote. Halikumfikia Limbu. Mtumbwi ulipatikana mtupu, na baba yake Joyness akazika kipande cha mgomba badala ya mwili, kama ilivyo desturi ya Wahaya, kwenye kibanja chao, shamba la migomba la Nyanga. Kila Jumamosi mjane hupalilia kaburi hilo.

"Sifuti. Wewe ulimsaliti, mimi siwezi."

Akavuta kompyuta. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na Python alijifunza mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Alipima kila mstari unakula muda gani, akaiona aibu yote. Kwa kila jina, programu ilisoma upya vipimo vyote vya upepo, kama mtu anayerudi kisimani kwa kila ndizi anayoimenya. Saa moja ikiisha, ilianza tena na vipimo vipya kabla ya kufika mwisho wa orodha. Limbu, aliyejiandikisha wa mwisho, hakuwahi kutumiwa chochote.

"Lugha haina kosa," alisema. "Mvivu ni wewe."

Kamala aliinamisha kichwa.

Joyness alihamisha mstari mmoja tu, vipimo visomwe mara moja, mwanzoni. Mchana ule mawingu yalikuwa yametanda upande wa Muleba. Akabonyeza. Majina mia nne yaliisha kwa sekunde tisa. Onyo lilikuwa fupi, bila jina la mtumaji: "Dhoruba inakuja. Usiende ziwani. Jibu kwa jina na mahali ulipo."

Alilia waziwazi. Angalau hakuna mke mwingine atakayezikiwa mgomba.

Majibu yakaanza kuingia. Sospeter, Bumbire, nimepata. Aroni, Bumbire, narudi nchi kavu. Kamala alimgusa bega, naye akausukuma ule mkono.

Kisha likaingia la mwisho.

"Limbu, Sengerema. Leo sitoki, mke wangu amenizuia."