Ufa Chini ya Rangi

Kaluki alikwangua rangi, akapaka mafuta ya taa kwenye chuma, akayapangusa, akapaka chaki juu yake, akangoja. Taratibu, mstari mweusi mwembamba kama unywele ukajichora kwenye ule weupe. Ulikuwa ufa, uliokuwa umefichwa chini ya ile rangi mpya ya manjano.

Ulikuwa kwenye boriti ya mwisho ya kreni, ile fupi inayoshika magurudumu, juu kabisa ya karakana ya vyuma pale Athi River.

"Injinia, umeajiriwa juzi tu," msimamizi alimwita kutoka chini. "Weka sahihi tuinue mzigo. Hiyo boriti ni ya pembeni, mzigo unabebwa na ile kubwa."

"Na ile kubwa inabebwa na nini, bosi? Hii ikikatika, magurudumu yanatoka kwenye reli, na kreni yote inawaangukia hawa watu wanaofanya kazi hapo chini."

Akateremka ngazi. Akazima swichi kubwa ya kreni ukutani, akaifunga kwa kufuli dogo lililokuwa la sanduku lake la shule ya bweni. Ufunguo akautumbukiza ndani ya buti.

"Utarudi kwenu Masii leo leo!"

"Nitarudi. Lakini kreni haisongi."

"Leteni grenda tukate hilo kufuli!"

Fundi mwenye grenda aliinua macho, akalitazama lile doa la chaki juu ya kichwa chake. Kisha akaiweka grenda sakafuni, akaikalia.